Fundi Asiyepanda Baiskeli

Mwanamke yule alikuja kibandani kwangu asubuhi, jua halijawa kali, amevaa fulana ya bluu juu ya gauni na daftari kubwa amelikumbatia kifuani. Sikumjua. Nilidhani amepata pancha, nikachungulia nyuma yake nione baiskeli iko wapi, nisione kitu. Akanipa shikamoo, nikaitikia, akavuta kigoda akakaa karibu zaidi ya anavyokaa mteja.

"Baba," akasema kwa sauti ya chini, "wiki ijayo kuna madaktari wanakuja hospitali kupasua mabusha. Ni bure, na kila mtu anapangiwa siku yake. Mimi ni mhudumu wa afya wa mtaa huu, ndiyo maana napita kuwaarifu watu."

Nilikuwa nimeshika spoku mkononi. Nikamuuliza, "Sasa mimi yananihusu nini hayo?"

"Nimeona nikuambie tu, baba."

"Umeona nini?"

Akachomoa kikaratasi ndani ya daftari. Nikamwambia aende akawatafute wenye mabusha, na nikalisema hilo kwa sauti kubwa, makusudi, ili mama muuza nyanya wa kibanda cha pili asikie na ajue kwamba mimi si mmoja wao. Yule mwanamke hakukasirika. Aliinuka, akaacha kikaratasi juu ya kopo la nati, akaenda zake kwa mwendo wa mtu mwenye nyumba nyingi za kupita. Alipopotea kwenye kona nilikichukua kile kikaratasi nikakitia mfukoni mwa kanzu, halafu nikarudia spoku zangu kwa hasira.

Kwa sababu busha nilikuwa nalo. Huo ulikuwa mwaka wa saba ninalo, na hapa Ngamiani waliolijua walikuwa watu wawili tu: mke wangu na fundi cherehani wangu, aliyekuwa akinipanulia suruali. Mmoja wao alikuwa amefungua mdomo.

Lilianza kama uzito mdogo, wa aina ambayo mtu anaweza kujidanganya kwamba ni uchovu. Kwetu huku mtoto wa kiume akipenda madafu anatishwa kwamba atapata busha, na mimi nilikuwa mlevi wa madafu tangu utotoni. Nikayaacha. Likaendelea kukua vilevile, polepole, bila maumivu makubwa. Mwaka wa tatu suruali zikakataa. Nikaanza kuvaa kanzu kila siku, si Ijumaa tu, na watu wakadhani nimeongoka. Wakawa wananiita ustadhi. Niliitika. Afadhali sifa ya uchamungu nisiyoistahili kuliko lile jina lingine, ambalo nilijua lingenifuata mpaka kaburini.

Kilichoniuma zaidi kilikuwa kazi. Baba yangu alinifundisha kwamba fundi hanyooshi ringi akaishia hapo. Anapanda, anakwenda mpaka mwisho wa barabara na kurudi, akisikiliza cheni inasema nini. Ilifika siku nikashindwa kukaa juu ya tandiko. Nikabuni maneno: "Jaribu mwenyewe, mteja ndiye hakimu." Wateja wakayapenda. Nami nikawa nasimama kivulini nikitazama kazi ya mikono yangu ikiendeshwa na watu wengine.

Hospitali sikwenda. Nilijiambia kwamba nikishaandikwa pale, karatasi ile itasomwa na mtu, na mtu huyo hakosi shemeji Ngamiani. Tanga ni mji mkubwa kwenye ramani tu.

Na dawa, je? Kila mwaka dawa za matende na mabusha zilipita mlangoni mwangu. Wagawaji walikuja wawili wawili, na fimbo yenye alama za rangi ya kukupima urefu, ili wajue umeze vidonge vingapi. Fimbo ile ndiyo iliyonitia shaka kwanza. Tangu lini mtu akapimiwa dawa kwa urefu kama ubao? Halafu ni bure. Halafu wanasimama wakikutazama mpaka umeze. Serikali ambayo ukiutaka muhuri wake utakwenda mara tatu, leo imekufuata nyumbani na maji ya kunywa? Mtaani walisema vidonge vile vinakausha nguvu za kiume, vimeletwa ili tupungue. Sikuwa na ushahidi na sikuutafuta. Nilivibana kati ya shavu na ufizi, nikanywa maji, nikafungua mdomo wakachungulia, wakatia alama kwenye daftari. Walipotoka nikavitema mferejini. Nilifanya hivyo miaka mingi, kabla busha halijaonekana na hata baada ya kuonekana. Mke wangu alimeza vyake, nami siku mbili tatu zile nikawa namtazama nione atadhurika vipi. Mwaka mmoja alipata kizunguzungu, nikajiona mwerevu.

Basi, baada ya ile ziara ya mwanamke wa fulana ya bluu, nikaanza uchunguzi. Nilianza na fundi cherehani kwa sababu kumshuku yeye kulikuwa rahisi. Nilimkuta anakata kitambaa cha sare za shule. Nikazungumza habari za mvua, nikazungumza habari za ujenzi wa msikiti, kisha nikamuuliza kama siku hizi kuna mgeni yeyote aliyemfikia, mwanamke mwenye daftari.

"Amefika," akasema. "Yule anafika kwa kila mtu."

"Alikuuliza nini?"

"Kama nina chandarua." Akaweka mkasi chini, akanitazama. "Bwana, mimi nashona nguo. Maneno ya watu sishoni."

Jibu lilikuwa zuri mno, na uzuri wake ndio ulionikera. Nilihisi alikuwa amelitayarisha. Nikadai suruali zangu mbili za zamani nilizokuwa nimempa azipanue, hata hajazigusa, nikazikunja kwapani nikatoka bila kuaga.

Nyumbani nikawa mpelelezi. Mke wangu alikuwa kwenye kikundi cha kina mama kinachokutana zahanati, na hilo peke yake sasa lilinitosha kumtia hatiani. Akizungumza na simu uani, nilijongea dirishani. Akicheka, nilijiuliza anamcheka nani. Siku moja aliniona nimesimama nyuma ya pazia, akakata simu. Nikasema moyoni, naam. Baadaye sana aliniambia kwamba alikata kwa kudhani nataka chai. Niliacha kula naye sahani moja. Alichoniuliza nilimjibu kwa neno moja. Siku ya nne, alasiri, alikuwa amekaa mkekani anapepeta mchele, nikamsimamia mbele.

"Umemwambia nani?"

"Nimemwambia nani nini?"

"Unajua."

Akautua ungo. Mke wangu ni Mbondei wa Muheza, mtu wa maneno machache, na katika ndoa yetu sikuwa nimezoea kumwona akinitazama machoni muda mrefu namna ile.

"Mama yangu amekufa hajui," akasema. "Siku ya maziko yake ndugu zangu waliniuliza mume wako yuko wapi, nikasema una homa. Harusi ya mdogo wangu nikasema una kazi. Wanadhani unawadharau. Dada yangu ameniambia mbele ya watu kwamba nimeolewa na mtu mwenye kiburi, nami nikanyamaza, maana nikisema ukweli nakuvua nguo. Miaka saba nimekuwa mwongo kwetu kwa ajili ya stara yako, bwana. Leo unaniuliza nimemwambia nani?"

Ningependa kuandika hapa kwamba nilimwamini papo hapo. Sikumwamini. Shaka ni kama kutu kwenye cheni, ukiipangusa mkononi bado imebaki ndani ya vifundo. Nilichosema ni, "Tutaona," nikatoka. Mpaka leo neno hilo naliona aibu.

Kesho yake nikaenda zahanati kumtafuta yule mhudumu. Nilikusudia kumbana anitajie jina. Nilimkuta kwenye benchi la nje anajaza daftari lake, nikakaa upande wa pili.

"Nani alikutuma kwangu?"

"Hakuna, baba."

"Binti, mimi si mtoto."

Akafunga daftari. "Napita pale kwako kila siku nikienda kupanda gari la Pongwe, kuna wagonjwa ninaowahudumia huko. Marehemu baba yangu alikuwa fundi pikipiki. Alikuwa hakabidhi chombo cha mtu mpaka akizungushe mwenyewe. Wewe sijawahi kukuona juu ya baiskeli hata siku moja. Na ukiinuka kwenye kigoda, unashika nguzo kwanza, unatulia, ndipo unanyanyuka. Ndiyo hayo tu. Kama nimekosea, nisamehe."

Nilikuwa nimekuja na mtego, na ndani yake hapakuwa na mtu isipokuwa mimi.

Lakini sikuacha hapo. Nikamuuliza mbona ni bure, nani anayewagharamia, na wao wanapata nini. Akanieleza alichokijua: kwamba ugonjwa huu unaletwa na vijidudu, minyoo midogo mno, ambayo mbu huitoa kwa mtu mmoja akaipeleka kwa mwingine, kwamba ukibaki na mtu mmoja mtaani, unaweza kurudi kwa wote, kwa hiyo kutibu bure ni nafuu kuliko kuuacha. Nikamuuliza kama vidonge vile vya kila mwaka vingelizuia lile langu.

"Pengine," akasema. "Vinaua minyoo. Lakini busha likishatokea, kidonge hakiliondoi, mpaka upasuaji."

"Na baada ya upasuaji nitakuwa mwanamume kama zamani?"

"Wengi wanasema hivyo. Wewe utakuwaje hilo sijui, baba. Muulize daktari."

Nadhani ni lile neno "sijui" lililonivuta. Mtu anayetaka kukudanganya huwa na jibu la kila kitu. Nikatoa kile kikaratasi mfukoni, kimeshakunjamana, nikamwambia aandike jina langu, ila aliandike kwa penseli.

Siku niliyopangiwa, mke wangu alinisindikiza kwa bajaji mpaka getini, nikamwomba asiingie. Ndani tulikuwa wanaume kumi na kitu kwenye mabenchi mawili. Hakuna aliyekuwa mgonjwa. Mmoja alisema amemleta mjomba wake, mwingine anamngoja kaka yake aliye chooni, na mimi nilipoulizwa nikasema nimekuja kutengeneza baiskeli ya mlinzi. Tulikaa hivyo muda mrefu, tukitazama sakafu, mpaka akaingia mzee mmoja mkata mkonge wa zamani, rozari shingoni, anatembea amepanua miguu waziwazi bila kuficha. Akatusikiliza kidogo.

"Jamani," akasema, "ikiwa nyote mmesindikiza, basi hayo mabusha yamekuja yenyewe?"

Tulicheka mpaka muuguzi akatoka kutazama kuna nini. Sijapata kucheka namna ile na watu nisiowajua. Baada ya hapo kila mtu alisema lake. Mmoja alikuwa nalo miaka ishirini. Mwingine aliachwa na mke. Hakuna aliyekuwa amekwenda hospitali kabla ya siku ile, na wote tulikuwa na sababu ileile.

Hata hivyo walipotaka damu, nikauliza inakwenda wapi. Walipotoa karatasi ya ridhaa, niliisoma mara mbili, kisha nikamwomba mkata mkonge aisome na yeye, kumbe hajui kusoma, akatia dole gumba kwenye karatasi yake huku akinicheka. Daktari alikuwa mwanamke, na alikuwa kijana, mwenye lafudhi ya Kishambaa. Aliniamkia shikamoo. Nikawaza, hii ni shikamoo ya mtu mwenye kisu. Nikamwambia sitaki kupigwa usingizi, na nataka kuona kila watakachokitoa.

"Tutakuchoma ganzi mgongoni, baba, utakuwa macho," akasema. "Na utaona."

Nilidhani ananituliza tu. Lakini kazi ilipokwisha, nyuma ya kile kitambaa walichonikinga, muuguzi aliinua chombo cha plastiki chenye alama za vipimo akakileta usoni pangu. Yalikuwa maji. Maji mepesi ya manjano, kama chai ya rangi iliyochujwa mara ya pili. Niliyatazama sana. Kwa ajili ya maji yale sikumzika mama mkwe wangu.

"Umeridhika, baba?" daktari akauliza.

Nikaitikia kwa kichwa. Machozi yalikuwa yananitoka yakiingia masikioni, maana nilikuwa nimelala chali.

Nisingependa msomaji adhani kwamba shaka zangu ziliishia mezani pale. Siku ya sita nikiwa nyumbani, kidonda kikaanza kuwasha na kuwa chekundu. Nikajua wameacha kitu ndani. Nilimwambia mke wangu, nikalisema kwa namna ya ushindi kabisa, "Nilikwambia." Akampigia simu yule mhudumu mbele yangu, sauti ameitoa nje, ili nisikie kila neno. Mhudumu alikuja, akanipeleka zahanati, na muuguzi alipofungua bandeji akakuta unga wa kijani.

"Hiki nini?"

Nikasema sijui. Mke wangu akasema, "Mwambie."

Ulikuwa unga wa majani niliopewa na muuza dawa za miti shamba sokoni. Nilikuwa naunyunyiza kwa siri kila baada ya kuoga. Sikutaka kuitegemea dawa ya aina moja. Muuguzi aliosha kidonda akinisema kama mtoto, akanipa vidonge vya kumeza siku saba, na hivyo, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, nilimeza kidonge cha serikali kikashuka tumboni. Kidonda kilifunga. Jioni moja ya wiki ile nilikaa na mke wangu uani, nikamwomba radhi. Sikupamba maneno. Nilimwambia nilimdhania ubaya na hakuwa nao. Akamalizia kukuna nazi, akasema, "Na fundi cherehani?" Nikaenda na kwake pia, na zile suruali mbili. Akanipima upya kiunoni, akaandika namba, hakuuliza kitu.

Kuna jambo nimelipita makusudi hapo nyuma. Ile miaka ya kutema vidonge, sikuvitema kimya kimya. Kwenye baraza letu la kahawa mimi ndiye niliyekuwa msemaji wa habari hizo. Nilieleza namna ya kukibana kidonge shavuni, nikaonyesha kwa kokwa ya tende, watu wakacheka. Muuza kahawa wetu, mtu wa umri mdogo kuliko wangu, aliyaamini maneno yangu kwa sababu nilisoma mpaka darasa la kumi na mbili na yeye aliishia la saba. Akafanya kama nilivyomfundisha. Kabla sijapasuliwa, mguu wake wa kushoto ulikuwa umeanza kuvimba kuanzia kifundoni. Alisema ameteguka. Wote tulisema ameteguka.

Nilipopona nilimfuata kwake, nikamweleza yangu yote tangu mwanzo, nikamwambia twende zahanati. Alinisikiliza akiwa amekalia ngazi, mguu ameunyoosha.

"Si wewe uliyeniambia vile vidonge ni sumu?"

"Ni mimi."

"Ulikuwa na hakika?"

"Nilikuwa na hakika."

"Na leo una hakika?"

Nikasema ndiyo. Akacheka kidogo, si kwa furaha. "Basi hakika yako, kaka, mimi sitainunua tena. Nitakutazama kwanza."

Na kweli alinitazama. Miezi mizima, nikija barazani, macho yake yalikuwa kwenye mwendo wangu, kwenye ukaaji wangu, kwenye afya ya uso wangu, akingoja nidhoofike. Sikuwa na la kumlaumu. Mwishowe hakwenda kwa sababu yangu. Alikwenda kwa sababu mguu ulimpa homa kali, na mke wake akamwita yule mhudumu. Huko walimfundisha kuuosha kila siku kwa sabuni na maji safi, kuukausha vizuri mpaka katikati ya vidole, na kuuinua juu ya mto anapopumzika. Homa zimepungua. Uvimbe haujaisha, na aliambiwa wazi kwamba huenda usiishe.

Nilimuuliza daktari yule kijana, siku nilipokwenda kuangaliwa kwa mara ya mwisho, kama mguu wa rafiki yangu ni dhambi yangu. Akasema hakuna awezaye kujua. Pengine vijidudu alikuwa navyo tangu utotoni, kabla hajanijua mimi. Niliondoka bila hukumu na bila msamaha.

Muuza kahawa bado ananimiminia kikombe changu, na bado ananipa kashata ya kwanza kwenye sahani. Lakini nikisema jambo lolote sasa pale barazani, hata liwe la mvua au la mpira, anasimamisha dele la kahawa mkononi na kuniuliza nimelijuaje.